Bilauri ya Tano

"Mikono unayoiona hapa," Kinyozi alisema, akiinyanyua yote miwili kama mtu aliyesimamishwa na polisi, "haijawahi kuvunja glasi. Haikuvunja jana, haivunji leo, na siku itakapovunja, niite mwongo mbele za watu."

Aliyekuwa akiambiwa ni Honi, dereva wa teksi, aliyelala chali kwenye kiti cha kunyolea, povu limemfunika kuanzia masikioni mpaka kooni. Honi ni jina alilobandikwa na kituo kizima cha teksi, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuona kitu kikipita mbele yake bila kukisemesha. Lakini wembe ukiwa shingoni hata honi hunyamaza. Alipuliza kiputo kimoja cha povu, basi.

Jibu likatokea mlangoni. Kati ya chumba cha kinyozi na chumba cha pili palikuwa na mlango usiofungwa, na upande wa pili mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Cherehani ikasimama. Ikatoka sauti moja tu.

"Mm."

Kisha cherehani ikaendelea na safari yake.

Kinyozi alijifanya hakusikia. Amekaa kwenye ndoa muda wa kutosha kujua kwamba iko miguno ya kuokota na iko ya kuacha palepale ilipoangukia.

Na tuwe wakweli, mtu yule alikuwa na haki ya kuvimba kichwa. Vinyozi wengine wa mtaa ule walipamba kuta zao kwa picha za wachezaji na mitindo ya nywele iliyopitwa na wakati. Yeye, katikati ya vioo viwili, alikuwa na kabati la vioo lenye taa yake ndani, na ndani ya kabati hilo palikuwa na glasi za kristali za zamani: za mguu mrefu, za mguu mfupi, za mviringo kama yai, na kwenye rafu ya juu kabisa, mahali pa heshima, bilauri tano nene zilizochongwa majani ubavuni na nyota kitakoni. Taa ikiwashwa, dari lote lilijaa vipande vya rangi. Watoto waliokuja kunyolewa walisahau kulia. Ukiigonga bilauri moja kwa ukucha, iliitika. Ukaacha kuigonga, ikaendelea kuitika, kama shangazi aliyechokozwa.

Mtaani walimwita Bwana Kristali. Wengine walimwita hivyo kwa kumtania, lakini yeye alilipokea jina lile kama cheo.

Zile tano za juu hakuzipata dukani. Ya kwanza aliitoa chini ya masufuria yenye kutu, siku hoteli moja kongwe ilipokuwa inafungwa. Ya pili alimkuta karani wa ofisi ameitumia kuwekea kalamu. Alimnyoa bure yule karani hadi akaona aibu, akamwaga kalamu mezani na kumkabidhi. Ya tatu ilikuwa kipimo cha dengu kwenye duka la nafaka. Ya nne ilikuwa kwenye meza ya mitumba, imejaa nta ya mshumaa mpaka shingoni, hata muuzaji hakujua kilichokuwa chini ya nta.

Na ya tano! Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo aliyoisimulia mpaka wateja wakawa wanamsaidia kumalizia. Aliiona kwenye banda la kuku la shangazi yake. Kuku walikuwa wanaitumia kunywea maji. Alipiga magoti akiwa na suruali yake ya kutokea, akaingia bandani kichwa kwanza, akatoka na manyoya kwenye nyusi na bilauri mkononi. Shangazi alipiga kelele kwamba mtoto wa kaka yake kachanganyikiwa. Jogoo alimdonoa kisigino. Aliivumilia yote hiyo, kwa sababu chini ya uchafu wa kuku alikuwa ameiona nyota.

Pamoja na glasi, mteja alipewa somo. Hakuna aliyeketi kwenye kile kiti akaondoka bila somo.

"Usiilaze kifudifudi, mdomo ndio udhaifu wake. Usiioshe na pete kidoleni. Na kamwe, narudia, kamwe usitumbukize bilauri ndani ya nyingine. Zitang'ang'aniana. Zikishang'ang'aniana, tunafanyaje?"

Na mteja, awe mzee au mtoto wa chekechea, aliitikia: "Baridi ndani, moto nje!"

"Kwa nini?"

"Ya ndani isinyae, ya nje itanuke!"

"Zitaachana zenyewe," Kinyozi alimalizia, "bila hata wakili."

Asubuhi hiyo somo lilikuwa na joto zaidi, na sababu yake ilikuwa inakuja alasiri. Sababu ilikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, bibi aliyefundisha nusu ya mtaa, akiwemo Kinyozi mwenyewe. Mwalimu alikuwa anahamia kwa binti yake, na alikuwa anagawa vitu vyake kimoja kimoja, kwa kuchagua nani apewe nini. Miongoni mwa vitu hivyo ilikuwemo bilauri moja nene, yenye majani ubavuni na nyota kitakoni. Ndugu wa zile tano. Ya sita. Na seti ya bilauri ni sita. Tano ni familia yenye kiti kitupu mezani.

Tatizo, Kinyozi hakuwa peke yake. Mfamasia wa barabara kubwa naye alikuwa na kabati. La kwake lilikuwa na kufuli, taa za rangi, na kamba mbele yake kama jumba la makumbusho. Mwalimu alikwishapita kwa Mfamasia siku iliyotangulia. Leo ilikuwa zamu ya Kinyozi, na aliyekodiwa kumleta ni Honi, ndiyo maana Honi alikuwa ananyolewa kwa makini namna ile.

"Nikuweke vizuri," Kinyozi alimwambia, akimfuta povu la mwisho. "Mwalimu akishuka, asiseme kaletwa na dubu."

Akachovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunika Honi uso mzima. Kabla hajahesabu vidole vyake, Honi alikuwa anakoroma.

Hapo Kinyozi akageukia kazi yake tamu. Alizishusha bilauri tano, akazipeleka kwenye karo lililokuwa nyuma ya kiti, akatia siki kidogo na punje chache za mchele katika kila moja, akaanza kuzizungusha taratibu. Punje zilisugua ndani bila kukwaruza, ukungu ukatoka, kioo kikawa kama hewa iliyosimama. Aliziimbia kwa pua. Alikuwa na furaha ya mtu anayemvalisha mtoto wake sare ya kwanza.

Tatu alizirudisha rafuni. Zilibaki mbili, ya mitumba na ya banda la kuku, ndipo cherehani iliponyamaza na mkewe akaita:

"Baba Pacha! Mbona nje hapa kuna gari la Mfamasia linapita polepole hivi? Anachungulia kwako!"

Ndugu msomaji, mtu ana mikono miwili. Mkono mmoja ulishika kitambaa cha kufutia, kwa sababu hangeweza kutoka mbele ya adui na mikono inayotiririka maji. Mkono wa pili ulikuwa na bilauri. Na bilauri ya pili ilikuwa ukingoni mwa karo, mahali pabaya, inamtazama. Akafanya kile alichokuwa amewakataza wanaume, wanawake na watoto wa mtaa ule kwa miaka. Akaitumbukiza moja ndani ya nyingine. Kwa muda mfupi tu. Mpaka mlangoni na kurudi.

Alipofika mlangoni gari lilikuwa limekwishakunja kona. Aliporudi na kuzivuta bilauri, hazikuja.

Akazivuta tena kwa adabu. Akazizungusha. Akazibembeleza. Zilikuwa zimekumbatiana kama watu waliokutana stendi baada ya mwaka mzima, ya banda la kuku nje, ya mitumba ndani.

Lakini si yeye ndiye mwalimu wa jambo hili? Alijicheka hata. Akachukua birika la maji ya moto ya kunyolea, akafungulia bomba la baridi likajaza beseni, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hati aliyoiandika mwenyewe, akajielekeza:

"Tulia, bwana. Moto ndani, baridi nje."

Akamimina moto ndani. Akatumbukiza nje kwenye baridi.

Ilisema *tii*. Sauti ndogo, safi, nzuri kuliko zote ambazo bilauri ile iliwahi kutoa. Kisha ubavu wa nje ukaachia vipande vipande, kimoja kikaruka juu, kikapotea, vingine vikazama kwenye beseni, na ya mitumba ikabaki mkononi mwake, nzima, imeachana na mwenzake bila wakili.

Kwa kitambo Kinyozi hakuelewa. Alibaki anatazama birika, akilishuku. Halafu maneno aliyoyasema yakamrudia, akayasikia upya, akayapima, akaweka mkono kichwani.

Nyuma yake ukoromaji ulikatika. Aligeuka upesi. Taulo lilikuwa palepale usoni mwa Honi. Sekunde ikapita, koromo likaanza tena, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Akashusha pumzi.

Akavikusanya vipande kwenye gazeti, akavitia kwenye pipa la nywele, akavifunika kwa nywele za wateja wa wiki nzima. Kipande kimoja kilimshinda kutupa. Kitako kilikuwa kimetoka kizima, duara nene kama biskuti, na nyota yake ikiwa haijapungua hata mstari. Alikishika kikiwa bado kinadondosha maji. Alikumbuka manyoya, jogoo, kelele za shangazi ambaye sasa hayupo tena. Akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe, upande wa moyo.

Kisha akapiga moyo konde, akavuka mlango.

"Mke wangu, mpenzi wangu, ua la nyumba."

"Unataka nini?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

Mezani kwake, kando ya chaki na mkasi, palikuwa na glasi ya sokoni aliyowekea pini. Ilikuwa na majani ubavuni, ndiyo, ila yalikuwa majani yaliyomwagwa kwenye kalibu ya kiwanda, si ya kuchongwa. Na upande mmoja ilikuwa na mshono, kama suruali.

"Niazime hiyo. Mpaka jioni tu."

"Hii? Ile uliyosema ni aibu kuitwa glasi, niifiche wageni wakija?"

"Maneno ya zamani hayo."

Mkewe alimwaga pini kwenye kifuniko cha kopo, taratibu, macho yakiwa yamemganda mumewe usoni. "Leo glasi yangu imepanda cheo. Haya, chukua. Sijauliza kitu, na wewe usinidanganye kitu."

Kinyozi akaiosha, akaisugua, akaipandisha kwenye rafu ya juu. Aliiweka nyuma kabisa, ikiwa na mshono ukutani, akazipanga nne za kweli mbele yake kama walinzi. Kisha akachomoa balbu moja kati ya mbili za kabati. Kiza kidogo hakijamuumbua mtu.

Honi aliamka kwa kujinyoosha sana, akajitazama kiooni, akasema amependeza kuliko bwana harusi, akaenda zake. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akatazama kabati, akatazama karo, akalimeza.

Alasiri teksi ilisimama nje. Mwalimu alishuka na fimbo yake, amevaa miwani mizito na sketi iliyonyooshwa mpaka ungeweza kujikata kwayo. Honi alikuwa nyuma, amebeba kijisanduku kwa mikono miwili kama anabeba mayai.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Simama vizuri."

Kinyozi, mtu mzima mwenye mapacha na mvi mbili tatu, akasimama vizuri. Mkono wake wa kulia ukatafuta mahali pa kujificha. Mwalimu ndiye aliyemfundisha hesabu, na mkono ule ulikuwa na kumbukumbu zake.

Mkewe akaleta kiti, akaleta na maji ya kunywa. Yalikuja kwenye kikombe cha plastiki cha kijani, kama maji yote ya nyumba ile. Mwalimu alikitazama kikombe. Akatazama kabati lililojaa kristali. Akakiweka kikombe chini bila kuonja.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Na hapo, msijali yaliyotokea asubuhi, Kinyozi aling'ara. Alianza na rafu ya chini, akapanda. Kila glasi aliishika kitakoni na kiunoni, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaeleza ilikotoka, nani aliidharau, na yeye aliiokoaje. Alipofika rafu ya juu sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayesoma majina ya ukoo wake. Aligonga ya kwanza, ya hoteli: ikalia. Ya karani ikalia, kwa sauti ileile ya ndugu yake. Ya dengu. Ya mitumba. Chumba kilijaa mlio, vyombo vya chuma mezani vikatetemeka, na Mwalimu, ambaye watu hawakumbuki kumwona akitabasamu siku za shule, akafumba macho akatabasamu.

"Na ile ya nyuma? Ndiyo ya kuku?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu. Habari zake nilishakusimulia."

"Habari nimezisikia. Nataka sauti."

Kinyozi akanyoosha mkono mpaka nyuma, akaigonga glasi ya pini. Wakati huohuo, kwa bahati ya ajabu sana, mkono wake wa pili ukagusa mashine ya kunyolea, ikaanza kunguruma.

"Zima hicho kitu."

Akazima.

"Gonga."

Akagonga. Ilisema *tok*, kama mlango wa kabati la jikoni.

Mkewe alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, ameuma midomo.

"Mbona hii haina sauti?" Mwalimu aliuliza.

"Ina haya mbele ya wageni."

Honi akageukia ukutani ghafla, mabega yakimtikisika. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha, kisha akaliweka lile sanduku lake magotini na kulishikilia kwa mikono yote.

"Mwanangu, nina swali moja. Nilimuuliza na mwenzako wa dawa. Tangu uanze kukusanya, umevunja ngapi?"

Sasa hapo, kama kungekuwa na mlango wa kutokea, ulikuwa wazi. Lakini Kinyozi alitazama rafu zake, akaona nne zinavyometameta, akaikumbuka kamba ya Mfamasia, na kiburi kikamjaa mpaka kwenye ncha za masikio. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Hata moja, Mwalimu! Mikono unayoiona hapa haijawahi kuvunja glasi."

Na mkono wa kulia, ukitoka juu, ukapitia sikioni kujikuna, tabia yake ya tangu shuleni kila alipomdanganya Mwalimu.

"Hata Mfamasia alisema hata moja," Mwalimu alisema polepole. Akaanza kuikaza kamba ya sanduku ili aondoke nalo.

"Samahani jamani," Honi aliingilia, akiinama kwenye mguu wake wa suruali. "Kabla sijasahau. Fundi, hiki nadhani ni chako." Alikuwa ameshika kati ya vidole viwili kipande cha kioo chenye jani moja lililochongwa, kinatupa rangi hadi darini. "Kilikuwa kwenye mkunjo wa suruali. Kimenichoma nikiwa nakanyaga breki, kidogo nimpeleke Mwalimu kwenye mtaro."

Kinyozi alikikodolea macho.

"Wewe si ulikuwa umelala?"

Neno likiisha kutoka halirudi na nauli.

"Nililala vizuri sana," Honi alisema. "Mpaka niliposikia 'moto ndani, baridi nje.' Nikasema moyoni, ala! Mbona sisi tunafundishwa kinyume? Nikataka kukusahihisha, lakini nilikuwa na taulo mdomoni. Halafu ikasema *tii*. Basi nikaona niendelee kukoroma, Fundi, kwa heshima yako."

Mkewe hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka akakalia kifurushi cha sare. Kinyozi alisimama katikati ya chumba chake, mbele ya kabati lake la balbu moja, bila mahali pa kutazama. Mwisho akaingiza mkono mfukoni, upande wa moyo, akafungua leso. Nyota ikatokea.

Mwalimu alinyoosha kiganja. Aliipokea ile nyota, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kila mwale.

"Umeitia mfukoni."

"Nilishindwa kuitupa, Mwalimu."

"Sisi tulianza na kumi na mbili," Mwalimu alisema. "Moja alivunja marehemu mume wangu siku alipoambiwa kapata binti, alikuwa ananywa maji. Moja alivunja huyohuyo binti. Mbili zilikwisha kwenye sherehe, watu wakicheza. Nyingine sikumbuki hata, zilikuwa zinatumika, bwana, watu wanakunywa, wanacheka, chombo kinadondoka. Jana nimeomba maji kwa Mfamasia. Ameniletea kikombe cha plastiki." Alikisogeza kwa fimbo kile cha kijani kilichokuwa sakafuni. "Na hapa nimeletewa cha plastiki. Nilikuwa narudi na bilauri yangu nyumbani, wallahi."

"Mwalimu, mimi..."

"Nina kiu."

Kinyozi alielewa. Alikwenda kwenye rafu ya juu, na mkono wake ulisita, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna mdomo wa binadamu uliokwisha kugusa mojawapo ya zile. Kisha akaichukua ile ya hoteli, akaisuuza, akaijaza maji ya mtungi, akampelekea kwa mikono miwili. Maji ndani ya kristali yalikuwa na mwanga wake. Mwalimu akanywa yote, bila haraka, akampa bilauri irudi.

"Yana ladha nyingine kabisa," alisema. Akafungua sanduku.

Ya sita ilitoka kwenye kitambaa kama jino jipya. Majani yaleyale, nyota ileile. Kinyozi hakuomba ruhusa; aliigonga kwa ukucha, na ikaita, na zile za kabatini, kwa sababu mlango wa kabati ulikuwa wazi, zikaitikia kidogo. Kila mtu chumbani alisikia.

Mwalimu mwenyewe akaishusha glasi ya pini, akamkabidhi mke wa Kinyozi. "Asante kwa kutuazima msanii." Akaiweka ya sita mahali pake, na mbele yake akailaza ile nyota ya banda la kuku, kitako bila bilauri. Tano zilizosimama na moja iliyolala. Kinyozi akairudishia kabati balbu yake ya pili, na dari lote likawaka. Akarudi nyuma hatua moja, kifua kikapanuka, shingo ikanyooka, na ungedhani ndiye aliyelichonga kila jani kwa meno yake.

"Sasa," Mwalimu alisema, akiegemea fimbo, "swali langu bado hujalijibu. Umevunja ngapi?"

Mkono wa kulia ukaanza safari ya kwenda sikioni. Kinyozi aliuona, akaukamata kwa wa kushoto, akaushusha. Akamtazama Mwalimu machoni kama mtu aliyeamua kuanza maisha mapya.

"Moja, Mwalimu," alisema kwa fahari ya msema kweli. "Moja tu, ya leo asubuhi. Lakini kabla ya hapo, tangu nizaliwe, mikono unayoiona hapa..."

"Mm," ilitoka mlangoni.

Mkewe alikuwa ameketi tena kwenye cherehani, anarudisha pini zake ndani ya glasi, moja baada ya nyingine, *tok, tok, tok*.

"Baba Pacha," alisema, "na ile ya bluu? Ile uliyonieleza kwamba kaivunja paka. Hebu mweleze Mwalimu ni paka yupi, maana mimi kwenye nyumba yetu sijawahi kumwona."